Kabila la Walatini

Tulipomzika mama, misa ilisaliwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kwaya ya vijana ikatupigia kinanda hadi makaburini. Ni vikongwe wachache tu, waliokuwa wamekaa nyuma kabisa, waliojiimbia kichinichini ule wimbo wa zamani wa kuwaaga marehemu. Mjukuu wangu akanivuta kanga. Akataka kujua wale bibi wanaimba kilugha gani. Nikamwambia ni Kilatini. Akafikiri kidogo, akauliza, "Walatini wanakaa mkoa gani?"

Swali hilo nami niliwahi kuliuliza, nikiwa na umri kama wake, na jibu nililopewa lilinifanya nimwogope mama yule yule niliyekuwa nimesimama mbele ya jeneza lake. Nyie wa rika langu, mliopiga magoti nyuma ya padri aliyetupa mgongo, mkajibu maneno ambayo hamkuyajua, mtanielewa. Wadogo itawabidi waniamini tu.

Tulikuwa tukikaa Temeke. Usiifikirie Temeke ya leo. Ilikuwa minazi, mashamba ya mihogo, bonde la mpunga upande wa chini, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti zikiwa zimesimama popote zilipopenda. Yetu ilikuwa ya Bi Mwajuma, Mzaramo aliyezaliwa hapo hapo kabla hata ya barabara. Ukumbi ulipita katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma palikuwa na ua wenye jiko, kisima na choo. Bi Mwajuma alikaa chumba cha mbele na mjukuu wake Zena, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Sisi tulipanga chumba cha mwisho. Mkabala wetu alipanga Bi Tatu, aliyekaanga vitumbua asubuhi na kuuza mlangoni, mume wake akiwa kuli bandarini.

Ndani ya ua ule watu walichungana. Ukichota maji unatazamwa, ukipika unatazamwa, ukicheka wanataka kujua umecheka nini. Bi Mwajuma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kushuku tu, na ufagio wake ukisogezwa kidogo alijua. Sie tulitazamwa zaidi kwa sababu tulikuwa watu wa bara, Wapogoro, na Wakristo peke yetu katika nyumba nzima. Jina langu Kristina lilimshinda Bi Mwajuma, akaniita Kisitina, na mpaka leo kuna watu Temeke wanaonijua kwa jina hilo.

Zena alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona, na masikio yake yalikuwa makali kuliko ya bibi yake. Alijua mlio wa kila lugha ya ua ule. Bi Mwajuma alitukana kwa Kizaramo. Baba na mama walisemezana Kipogoro wakiwa hawataki nisikie. Siku moja mama alikuwa anapepeta mchele, midomo ikimcheza kama ilivyokuwa kawaida yake, Zena akaacha kusuka ukili akasikiliza.

"Hicho si Kipogoro," akaninong'oneza.

"Ni Kipogoro."

"Kipogoro nakijua mie. Muulize."

Nikamuuliza. Mama hakuinua hata kichwa. "Kilatini," akasema. "Nilifunzwa na masista nilipokuwa mdogo."

Kwa akili zetu mambo yalikuwa wazi. Kizaramo ni cha Wazaramo, Kimakonde ni cha Wamakonde, basi na Walatini wapo. Tukaanza kuwatafuta. Tukienda sokoni Buguruni na Bi Tatu tulichunguza watu nyuso, chale na mitindo ya kuvaa. Zena akamuuliza Mhindi wa duka la pembeni kama yeye ni Mlatini. Mzee yule akasema yeye ni mtu wa Kachi, huko Uhindini, akatuambia tutoke mlangoni tunazuia wateja. Palikuwa pia na hoteli ya chai yenye gramafoni, na jioni vijana walisimama nje wakisikiliza santuri za rumba. Hakuna aliyeelewa kilichoimbwa. Tukamuuliza mwenye hoteli ile ni lugha gani. "Hao watu wa Amerika ya Kilatini," akajibu, akageuza santuri. Tukachungulia ndani ili tuwaone. Hatukuona mtu, tukasikia sauti tu.

Jioni ile nikamuuliza baba. Baba alifanya kazi hospitali mjini, akiosha chupa kwenye chumba cha dawa, na mie nilimwona ndiye mtu anayejua kila kitu.

"Baba, Walatini wanakaa wapi?"

"Walatini?" Alikuwa anavua viatu. "Hao hawapo. Walikwisha kufa wote zamani."

"Na lugha yao?"

"Ile sasa ni lugha ya wafu, mwanangu. Hakuna aliye hai anayezaliwa akaizungumza."

Alitaka kusema lugha iliyokufa, kama padri alivyowahi kuwaeleza. Lakini baba alikuwa na haraka ya kuoga, na mie nilikuwa mtoto. Lugha ya wafu. Maana yake ni lugha wanayozungumza wafu. Sikumwambia Zena. Lilikuwa jambo la kwanza kumficha.

Tangu hapo nikaanza kumchunga mama. Nilikumbuka kwamba kwenye mazishi ndiyo Kilatini kilipozidi, padri akizunguka jeneza na chetezo cha ubani, na watu wazima wakimjibu. Niliona sasa kwa nini. Alikuwa akizungumza na aliyemo ndani. Nikatazama chupa za kahawia alizokuja nazo baba kutoka kazini, ambazo mama alitilia mafuta ya taa. Zilikuwa bado na karatasi zenye maneno marefu. Baba akasema kwa mzaha kwamba majina ya dawa huandikwa Kilatini ili mgonjwa asijue anakunywa nini. Mama akacheka. Mie sikucheka. Chupa mojawapo ilikuwa na picha ya fuvu la kichwa.

Shuleni ndiko nilikomalizwa kabisa. Mwalimu wetu alipenda kutueleza asili ya vitu. Siku moja, akiwa ameandika ubaoni a, e, i, o, u, akasema, "Msidhani hizi ni herufi za Waingereza. Wazee wenu wa pwani huandika kwa herufi za Kiarabu. Hizi zetu ni za Kilatini." Nilikuwa nimeandika jina langu kwenye kibao. Nikalitazama. Nikatema mate, nikalifuta kwa kiganja, nikakataa kuliandika tena, na sikusema sababu hata nilipochapwa.

Nyumbani nilikuwa nikimtazama mama midomo. Aliyasema yale maneno akiwasha moto kuni zikiwa mbichi. Aliyasema baba akichelewa kurudi. Alikuwa anayasema haraka, kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa kusikika. Mtu mwenye maneno mema, nilijiambia, kwa nini asiyatolee sauti?

Kisha Zena akaugua. Homa ilimshika ghafla, akaweweseka, akapelekwa zahanati akapigwa sindano, akarudishwa. Bi Mwajuma hakumwacha mkono. Siku ya pili alitaka kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje amwandikie kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Kwa kuwa Bi Tatu alikuwa na mafuta motoni, akamwomba mama amkalie mgonjwa kidogo.

Mama akakaa kitandani, akachukua kipepeo akampepea. Mie nilisimama mlangoni. Nikaiona midomo yake ikianza. Safari hii sauti ilitoka, ndogo lakini ilitoka, maneno yale yale yakijirudia, huku akimpapasa Zena kichwani. Nilitaka kumwambia anyamaze. Nikageuka, nikamwona Bi Tatu nyuma yangu na mwiko mkononi. Naye alikuwa anasikiliza.

Bi Mwajuma aliporudi na mwalimu walimkuta Zena amekakamaa, macho yamepinda, mama amemshika asianguke. Degedege lilipita. Alikunywa kombe, akalala, na homa ikaanza kushuka. Lakini tangu pale hakutaka kula. Kila alichopewa alifunga mdomo. Ikapita siku, ikapita nyingine, mashavu yakamwingia ndani, na Bi Tatu akafikisha habari aliyokuwa nayo.

Bi Mwajuma alimwita mama uani mchana kweupe. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Mama Kisitina, ulikuwa unamsemea nini mjukuu wangu?"

"Nilikuwa namwombea, Bi Mwajuma."

"Kwa lugha gani?"

"Kilatini. Lugha ya kanisani."

"Sawa. Kila mtu na dini yake, mie hilo silikatai. Nieleze tu, ulimwombea nini? Uliposema yale maneno, maana yake nini?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Bi Tatu alikuwa ameegemea nguzo ya jiko. Nilimtazama mama nikingoja aseme neno lolote, hata la uongo. Hakusema. Alitazama chini kwenye mchanga, na mie nikaamini kila kitu nilichokuwa nikikishuku.

"Mtu anaomba kitu asichokijua?" Bi Mwajuma akauliza taratibu. "Hapana. Unakijua, ila hutaki kunambia. Basi chumba changu usikikanyage tena. Na mume wako akirudi mwambie mtafute pengine pa kukaa. Mwezi ukiisha nataka chumba changu."

Tukaingia ndani. Mama akakaa kwenye mkeka, mie nikakaa mbali naye, mgongo ukutani. Akaniuliza mbona natetemeka, labda nami homa inanianza. Akanyoosha mkono kunigusa paji la uso, na midomo ikaanza kumcheza. Nikaurukia mdomo wake nikauziba kwa viganja vyote viwili.

"Usiniitie wafu, mama," nikamwambia. "Sitaki kufa mie."

Aliitoa mikono yangu polepole. Sijawahi kuona uso kama ule. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo, Walatini, na chupa, na herufi, na jeneza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza akasema, "Nimeshindwa kumjibu Bi Mwajuma kwa sababu sijui. Nilipewa maneno haya na masista nikiwa mdogo kuliko wewe. Sikuambiwa maana, na mie sikuuliza."

Nilimtazama. Sikujua kama nimwamini. Mama yangu, anayejua kukata nguo na kuzalisha, asijue maneno yake mwenyewe?

Kesho yake asubuhi akajifunga kanga mpya, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi kanisani mjini. Padri alikuwa mzee wa ndevu, Mzungu aliyekaa bara miaka mingi. Tukamkuta bustanini akikata matawi ya mikomamanga.

"Tumsifu Yesu Kristu," mama akasema.

"Milele na milele, amina. Mama Kristina. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, baba. Nina maneno ya Kilatini, nataka kujua maana yake."

Padri akaweka mkasi chini. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza jambo kama lile. Akamwambia ayaseme. Mama akayasema kwa ile pumzi yake moja. Padri akamwomba arudie polepole, na alipokuwa akirudia, ndevu zikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Kisha akaona uso wa mama, akaacha.

"Hii ni sala ya mezani," akasema. "Utubariki, ee Bwana, sisi na chakula hiki tutakachokula. Mama, sala hii mnaisali kila siku nyumbani kwa Kiswahili."

"Ya mezani," mama akasema.

"Kabla ya kula. Ulidhani ni ya nini?"

Mama akakaa kwenye ukingo wa bustani kama mtu aliyetembea safari ndefu kuliko ile tuliyotembea. Mie nilimkazia macho padri. Wazo lilikuwa limenijia kwamba huenda anatudanganya. Lugha isiyo na wenyewe, akisema uongo nani atamsahihisha? Lakini alikuwa ameshaokota mkasi wake na kurudi kwenye mikomamanga, hana haraka, kama mtu asiye na siri yoyote.

Tukarudi kwa miguu, tukaipita minazi ya Chang'ombe. Ndipo mama akaanza kunieleza kitu ambacho hakuwa amemweleza mtu, hata baba. Alipokuwa mdogo njaa iliingia kwao, wakafa wazazi wake, wakafa na ndugu zake, yeye akabebwa na mtu asiyemjua akaachwa mlangoni kwa masista. Waliwapanga watoto mstari, kila mmoja na kibakuli chake. Sufuria ya uji ilikuwa mbele yao ikifuka mvuke. Lakini hawakupewa kwanza. Sista alisimama akasema maneno marefu, na watoto wote wakamfuatisha, na mama, ambaye hata Kiswahili alikuwa hajakijua, aliyachukia maneno yale kwa sababu yalikuwa yanauchelewesha uji.

"Halafu nikaona kila siku ni vile vile," akasema. "Yakisemwa, uji unakuja. Yasiposemwa, hauji. Nikajua ni maneno yanayoleta uji. Nikayashika haraka kuliko watoto wote. Nikawa nayasema hata kitandani, ili kesho usije ukakosekana." Akarekebisha kanga yake begani. "Basi nikiogopa, ndiyo yanayonijia. Nilipomwona Zena vile niliogopa."

Nikautafuta mkono wake. Tuliendelea kutembea.

Alienda moja kwa moja kwa Bi Mwajuma, akasimama nje ya kizingiti kwa vile alikuwa amekatazwa kukanyaga chumba, akamweleza yote. Kuhusu njaa alieleza kwa maneno machache. Bi Mwajuma alimsikiliza akiwa ndani, mkono mmoja juu ya mguu wa Zena, ambaye alikuwa amelala amegeukia ukutani. Niliona jinsi alivyokonda, nikaangalia pembeni.

"Na huyo padri umemwamini?"

"Nimemwamini."

"Mie simjui." Akaupapasa mguu wa Zena. "Kwa hiyo muda wote ule ulikuwa unamwombea chakula mjukuu wangu."

"Sikujua, lakini ndicho nilichokuwa naomba."

"Na chakula ndicho anachokataa."

Bi Tatu alishafika ukumbini, mkono kiunoni.

"Niruhusu nimpikie," mama akasema. "Uji mwembamba tu, kama wa masista."

Bi Mwajuma alimtazama, kisha akanitazama mie, kana kwamba anatafuta usoni kwangu kitu ambacho mama amekificha. Sijui aliona nini. Mwishowe akainuka. "Utapikia uani, mbele ya macho yangu. Unga wangu, sufuria yangu, maji nachota mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi Mwajuma akaleta unga wa mtama kutoka chumbani kwake akaupima kwa kiganja. Akachota maji kisimani, akayatazama kwenye mwanga. Kitu pekee alicholeta mama kilikuwa ukwaju, akasema mdomo wa mgonjwa unataka uchachu, na Bi Mwajuma akaukwanyua kipande akakitafuna kwanza, tukimtazama uso ukikunjamana. Bi Tatu aliacha vitumbua vyake viungue. Mama alichuchumaa akakoroga, mgongo umenyooka, jasho likimtiririka, na kila mkono wake uliposogea macho yetu sote yalisogea nao. Yangu pia. Hata baada ya yale yote aliyonieleza njiani, yangu pia.

Zena akatolewa, akaegemezwa kwenye mapaja ya bibi yake. Mama akamimina uji kwenye bakuli, akaupooza, akanyoosha kijiko. Bi Mwajuma akakichukua yeye. Akaonja. Akaukalisha uji mdomoni muda mrefu huku akimwangalia mama machoni, na mama hakukwepesha. Akameza. Akangoja. Kuni tu ndizo zilizolia.

"Wewe usiseme kitu," akamwambia mama. "Kaa hapo unyamaze tu."

Mama akainamisha kichwa, akakaa, mikono mapajani. Bi Mwajuma akapeleka kijiko kwenye mdomo wa Zena. Zena akageuza uso. Akapeleka tena. Safari hii uchachu ulimgusa mdomo, ulimi ukatoka kidogo ukalamba, na mdomo ukafunguka.

Wote walikuwa wanamtazama Zena. Mie nilikuwa namtazama mama, na nikaiona midomo yake inacheza, bila sauti, haraka haraka. Nikainua macho kwa hofu. Bi Mwajuma alikuwa ameiona pia. Alimtazama mama kwa jicho lile lile, halikuwa limelainika hata kidogo. Kisha akachota kijiko cha pili, akampa mtoto.